Maduka ya Santuri na Wateja Wake

Vitabu vya historia tulivyosomesha watoto wetu vimefuata njia ya reli, mashamba ya mkonge, bandari na vyama vya siasa. Hayo yote yana mahali pake, na wala sina nia ya kuyapunguza. Lakini mtu anayetaka kujua watu wa Mombasa, Dar es Salaam au Nairobi walikuwa wakipenda nini, wakililia nini na wakichekea nini baina ya mwaka 1930 na 1985, hana budi kuingia mahali ambapo wanahistoria wachache wameingia, nako ni katika duka la santuri. Pale juu ya kaunta ya mbao palikutana mwimbaji, mfanyabiashara, fundi wa mitambo na mnunuzi mwenye shilingi zake chache mfukoni. Kila mmoja alikuwa na haja yake, na kutokana na haja hizo nne ndipo muziki wetu ulipopata sura tuliyoizoea.

Mwanzo wa habari hii uko Unguja. Mashine ya gramafoni ilikuwa imekwisha kufika pwani mapema katika karne ya 20, na katika majumba ya wenye uwezo zilisikika santuri za Misri na za Bara Hindi. Kwa Kiswahili hapakuwa na kitu cha maana cha kusikiliza. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimsafirisha Siti binti Saad na wenzake hadi Bombay, wakaimba mbele ya vyombo vya kunasia sauti, na sahani zikarudi pwani kuuzwa. Siti alizaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa, na kabla ya kujulikana alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Sheikh Shaaban Robert ameueleza wasifu wake vizuri kuliko niwezavyo mimi. Ninalotaka msomaji alione ni jambo moja la kibiashara. Kampuni ile haikumpeleka Siti Bombay kwa ajili ya kuhifadhi utamaduni wetu. Ilitaka kuuza gramafoni, na mtu hanunui mashine kama hana cha kuweka juu yake kinachosema lugha yake. Faida ya mfanyabiashara ndiyo iliyotuachia sauti ya Siti, na bila ya faida ile tungebaki na masimulizi matupu.

Sahani za wakati huo zilikuwa nzito na nyeusi, zimetengenezwa kwa utomvu unaotolewa na wadudu wa miti ya Bara Hindi. Zilizunguka mara 78 kwa dakika na zilivunjika kama kigae. Upande mmoja ulichukua muda wa dakika tatu hivi na kitu. Mtu aliyepata kukaa katika taarabu anajua kuwa wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa, kwa kuwa wasikilizaji huja kutunza na mwimbaji hurudia ubeti uliowagusa. Dukani hapakuwa na nafasi ya kutunzana. Beti zikapunguzwa, vituo vya ala vikafupishwa, na mwimbaji akajifunza kusema alilo nalo kabla ya sindano kufika katikati ya sahani. Hivyo ndivyo chombo kilivyoanza kuufinyanga wimbo.

Katika miaka ya 1930 kampuni hiyo hiyo ilitoa mfululizo wa sahani zilizojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa na muziki wa Cuba na nchi za jirani zake. Ziliuzwa Afrika nzima, kutoka magharibi hadi kwetu. Watu hawakujua maneno ya Kihispania, lakini mapigo waliyajua mara moja, kwa kuwa yalikuwa yamevuka bahari kutoka Afrika pamoja na mababu waliouzwa utumwani. Kule Morogoro, Salum Abdallah aliunda bendi iliyoitwa La Paloma na baadaye ikawa Cuban Marimba. Jina hilo lenyewe linaonyesha ni santuri gani zilizokuwa zikizunguka katika nyumba za mji ule mdogo. Kijana wa Morogoro hakuiona Havana, lakini Havana ilimfuata ndani ya sanduku la sahani lililopakuliwa bandarini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yaligeuka. Wenye maduka, ambao wengi wao walikuwa Wahindi waliokuwa wakiuza redio, baiskeli na cherehani, walianza kurekodi wenyewe. Mjini Mombasa kampuni ya Assanand & Sons ilitoa santuri zake kwa nembo ya Mzuri, na chini ya nembo hiyo zilitoka taarabu za pwani na nyimbo za dansi pia. Mjini Kericho, katikati ya mashamba ya chai, duka la Chandarana lilirekodi waimbaji wa Kikipsigis, wa Kijaluo na wengineo waliofika na magitaa yao. Nairobi ilikuwa na Capitol Music Stores, na kulikuwa na studio za Equator za Charles Worrod.

Utaratibu wao ulikuwa mwepisi kuueleza. Mwenye duka humwita mwimbaji, humrekodi siku moja au mbili, hupeleka kazi ile kiwandani, kisha hupokea sahani zake katika maboksi. Nyingine huziuza mwenyewe rejareja, na nyingine huwapa wachuuzi wa bara kwa jumla. Kwa kuwa yeye mwenyewe alisimama nyuma ya kaunta, hakuhitaji mtu wa kumfanyia uchunguzi wa soko. Alimsikia mteja kwa masikio yake. Iwapo wanawake watatu wameulizia udi wa Zein l'Abdin kwa juma moja, basi juma la pili Zein ataitwa. Sijui wizara gani ya utamaduni iliyowahi kuwasikiliza wananchi wake kwa ukaribu namna hiyo.

Mimi nilianza kuyazoea maduka haya mwaka 1972, nilipokuwa mwalimu kijana mjini Mombasa. Mshahara ukitoka, kituo cha kwanza kilikuwa duka la vyakula, cha pili posta ili kumtumia mama chochote, na cha tatu duka la santuri. Wakati huo sahani za mizunguko 45 zilikuwa zimekwisha kuzifukuza zile za 78. Zilikuwa ndogo na nyepesi, na zilistahimili safari ya basi. Wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza ilikuwa na maneno, na sehemu ya pili ilianzia pale magitaa yanapochacha. Muuzaji mmoja aliyekuwa amezeeka katika kazi hiyo alikuwa na desturi ya kuweka upande wa pili kwanza. "Mwalimu," aliniambia, "maneno mazuri kila mtu anaweza kuyatunga. Wewe sikiliza kwanza kama wanajua kupiga." Ushauri huo ulinifaa hata katika kuwachagua walimu wa muziki nilipokuja kuwa mkuu wa shule.

Wateja walikuwa wa aina nyingi. Alikuwapo baharia aliyeleta majina ya nyimbo alizozisikia Aden au Bombay, ameyaandika nyuma ya karatasi ya sigara. Alikuwapo fundi cherehani aliyenunua sahani moja tu kwa mwezi, na kabla ya kuinunua aliisikiliza mara tatu huku akipiga mguu kama anayekanyaga mashine yake. Wenye mahoteli na mabaa walikuja na orodha, kwa sababu walikuwa na yale masanduku makubwa ya kupiga sahani kwa kutumbukiza sarafu, na sahani iliyochakaa ilibidi ibadilishwe upesi kabla wanywaji hawajahama. Wanawake wa Mji wa Kale mara nyingi hawakuingia ndani. Mtoto alitumwa kusema, "Shikamoo, mama anauliza ile ya Zuhura Swaleh imefika?", naye alirudi nyumbani na jibu au na sahani iliyofungwa ndani ya gazeti.

Wengi hawakujua jina la wimbo wanaoutaka. Waliusikia katika redio, kwenye salamu, au kwa jirani. Walifika kaunta wakauvumisha kwa midomo iliyofungwa, kwanza kwa haya, kisha kwa sauti, na wateja wengine wakaingilia kumsahihisha. Huyu anasema ni wa Daudi Kabaka, yule anaapa kuwa ni wa Fadhili William. Muuzaji husubiri kidogo, kisha hutoa sahani kutoka katika rafu bila ya kusema neno, akaweka sindano, na ubishi wote ukaisha. Nimeona wasomi wakibishana miaka mingi bila ya kupata hakimu mwepesi kama yule.

Kuna jambo lililofanyika katika rafu hizo ambalo halijatajwa vya kutosha. Duka lile lile lililouza taarabu liliuza pia nyimbo za filamu za Kihindi, na mara nyingi ziliwekwa jirani. Majumba ya sinema ya Mombasa yalionyesha filamu hizo, watu wa dini zote na makabila yote walizitazama, na siku ya pili walizitafuta nyimbo zake dukani. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipata umaarufu mkubwa kwa kuvisha mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi hayo, na mengi ya mashairi yalitungwa na ndugu yake malenga Ahmad Nassir. Wapo waliomlaumu kuwa anaiga. Mimi naona kwamba alifanya kile ambacho mteja wa duka la santuri alikuwa akikifanya kila Jumamosi, yaani kunyoosha mkono wa kulia akachukua Bombay, na wa kushoto akachukua Mvita, akazipeleka zote mbili nyumbani kwake. Maneno yalibaki ya kwetu, na yalikuwa mazito.

Nairobi ilikuwa na tabia yake. Katika miaka ya 1970 barabara ya River Road na vichochoro vyake ilijaa maduka madogo ya santuri, na kila duka lilitundika spika mlangoni. Mpita njia alivuka Kikamba, Kijaluo, Kikuyu na Kilingala katika hatua mia moja. Hapo wanamuziki wenyewe walianza kushika kaunta. Joseph Kamaru alikuwa na duka lake. J. M. Kariuki alipouawa mwezi Machi 1975, Kamaru alitoa wimbo wa kumwomboleza, na redio ya serikali haikuukubali. Lakini redio ilikuwa moja na maduka yalikuwa mengi. Watu waliununua wimbo ule wakausikiliza majumbani mwao. Hapa ndipo tunapoona kuwa duka la santuri lilikuwa na uzito kuliko starehe. Lilikuwa mahali ambapo raia aliweza kusikia kile ambacho mwenye mamlaka hakutaka kisikike, na alikisikia kwa fedha yake mwenyewe, bila ya kuomba ruhusa.

Mtayarishaji mwingine, Phares Oluoch Kanindo, alisambaza benga ya Kijaluo hadi kusini mwa Afrika. Kule Zimbabwe muziki huo uliitwa kanindo, kwa jina lake lililosomwa katika sahani. Kwa hiyo watu wa mbali walimjua mtu wetu kwa kusoma karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, wala hawakujali kwamba lugha iliyoimbwa hawaielewi.

Upande wa Tanzania hali ilikuwa tofauti. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi kwa wingi ili zipigwe hewani, na kazi hiyo ni hazina kubwa. Lakini kurekodiwa redioni hakukumpa mwimbaji sahani ya kuuza. Aliyetaka santuri alivuka mpaka kwenda Kenya. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifanya hivyo, na nyimbo zake zikauzwa sana pande zote mbili. Ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga walihamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakawa Simba Wanyika. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mwezi Februari 1977 mpaka ukafungwa, usifunguliwe hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Wachumi wameandika juu ya malori na ndege zilizokwama. Sisi wapenzi wa muziki tulijua kuwa mwenzetu wa Tanga hawezi tena kuipata sahani ambayo sisi tunaisikia kila siku, ingawa mwimbaji wake amezaliwa mtaani kwake. Mbaraka mwenyewe alifariki katika ajali ya gari hapa Mombasa, mwezi Januari 1979. Siku zilizofuata spika za maduka zilipiga nyimbo zake kutwa nzima, na watu walisimama barabarani kama waliofika matangani.

Nisije nikaonekana ninawasifu wafanyabiashara kupita kiasi, yafaa niseme habari ya malipo. Waimbaji wengi walilipwa mara moja tu, siku ya kurekodi, kisha sahani zikauzwa miaka na mikaka bila wao kupata senti. Wengine hawakujua kusoma mkataba waliouwekea kidole. Karatasi ya katikati ya santuri ilikuwa ndiyo hati pekee, na jina lililoandikwa pale ndilo lililotambuliwa. Mfano mashuhuri ni wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ukaandikwa kwa jina lake, Miriam Makeba akaupeleka duniani, lakini wengine pia, akiwamo Adam Salim wa Tanzania, walidai kuwa ndio waliokuwa watungaji. Madai hayo yamewafuata wenyewe hadi makaburini. Wimbo ambao kila mtoto wa Afrika Mashariki anaujua haukumtajirisha yeyote kati ya waliogombea. Sheria za hakimiliki zilikuwapo, na Kenya ilipitisha ya kwake mwaka 1966, lakini sheria bila ya mtu wa kuisimamia ni kama mizani isiyo na mawe.

Kisha ikaja kanda. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na ilipofika miaka ya mwisho ya 1970 kila nyumba ilikuwa na redio yenye kinasa sauti. Baadhi ya maduka yaliacha kuuza sahani, yakaanza kazi ya kunakili: mteja anakuja na kanda tupu na orodha ya nyimbo, jioni anaichukua imejaa. Huko Tanzania, ambako sahani zilikuwa adimu, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida. Mwimbaji hakupata kitu, mtengenezaji wa sahani hakupata kitu, na mwenye mtambo wa kunakili alishiba. Kufikia miaka ya 1990 santuri mpya zilikuwa zimetoweka katika maduka yetu, na waliozoea kuziuza wakageukia simu, vitambaa na vyombo vya plastiki.

Hata hivyo hukumu ya haki husikiliza pande zote. Kanda iliurudishia taarabu muda wake. Mjini Mombasa duka la Mbwana Radio Service lilitoa kanda za waimbaji wa pwani, na hapo wimbo uliweza kwenda urefu wake wote, pamoja na vigelegele na kelele za waliohudhuria harusi. Kile ambacho dakika tatu za santuri zilikuwa zimekikata tangu siku za Siti, kanda ya dakika 60 ilikiunga tena. Na kanda ilikuwa rahisi, hata mwanafunzi aliimudu. Kwa hiyo wanaosema kuwa kanda iliua muziki wetu wanasema nusu ya ukweli. Iliyokufa ni biashara iliyomwezesha mwimbaji kurudi studio mara ya pili.

Na kitu kingine kilikufa pamoja nayo, nacho ni kusikiliza pamoja. Mtu aliyenunua santuri aliisikia kwanza mbele za watu. Alilazimika kuieleza ladha yake, kuitetea, na wakati mwingine kuibadilisha alipoonyeshwa bora zaidi. Kijana alifundishwa na mzee, Mwislamu na Mkristo walikaa benchi moja, na mtu wa bara alijifunza Kiswahili kizuri kwa kuuliza maana ya beti. Leo mjukuu wangu ana nyimbo zote za dunia ndani ya simu yake, na ninafurahi kwa ajili yake. Lakini anasikiliza peke yake, masikio yameziba, na akikosea hakuna wa kumwambia aanzie upande wa pili.

Yaliyosalia yametawanyika. Mwaka 1983 John Storm Roberts alitoa Marekani mkusanyo wa nyimbo za taarabu za Kenya uitwao "Songs the Swahili Sing". Baadaye Wafaransa wa Buda Musique walitoa mfululizo wa Zanzibara, na juzuu moja ni ya Mombasa ya miaka 1965 hadi 1975. Wageni wamekuja kununua santuri zetu za zamani kwa bei ambayo ingewashangaza waliozitengeneza. Siwalaumu, kwa kuwa wao wamezihifadhi, na sisi wengi wetu tulizifanya vifuniko vya mitungi au tukawapa watoto wachezee. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba mtu wa Lamu anayetaka kumsoma mwimbaji wa Lamu aandike barua Ulaya.

Ndiyo maana ninawaomba wasomaji wangu jambo dogo. Pengine chini ya kitanda cha shangazi au juu ya kabati la babu kuna sanduku la sahani au mfuko wa kanda. Msizitupe. Mketi na mwenyewe angali hai, mwandike kwenye jalada nani aliyeimba, nani aliyepiga udi, duka gani lilikonunuliwa, na harusi ya nani ilipochezwa. Wenye maduka walitumia karatasi ya duara kuandika jina moja tu, na mara nyingine jina hilo halikuwa lenyewe. Majina mengine bado yamo vichwani mwa wazee, na wazee hawapigiwi upande wa pili.